Mtu wa Winga ya Kushoto pale Firq

Vijana wa Firq, mmeniandama kwa simu tangu niache ukocha. Ami Nassor, andika. Ami Nassor, tueleze ulivyocheza hoki ya barafuni Ufini. Haya, naandika, mradi mniachie nipumzike. Anayetaka kujua nililipwa kiasi gani, au mwaka gani nilipewa unahodha, akamuulize mwengine. Hayo hayamfundishi mtu kusimama kwenye barafu. Nitaeleza kazi ilivyo. Nitaeleza pia barafu ile iliyotaka kutuchukulia Rahma, mchezaji mwenzenu, kwa sababu nyote mlikuwepo, na kila mmoja wenu anaihadithia kwa kutia chumvi yake. Kisa chenyewe hakihitaji chumvi.

Baba yangu alizaliwa Unguja katika ukoo uliotoka Ibra, huku Omani. Aliondoka kijana, fundi wa mashine za meli, na kwa maneno yake aliteremka bandari moja ya Ufini kununua soksi, akamwona mama, meli ikamwacha. Mama alikuwa akisema meli ilimfukuza. Nyumbani mwetu mlikuwa na lugha mbili, Kifini cha mama na Kiswahili cha baba, cha Unguja ya zama zake, na katika Kiswahili hicho barafu haikuwa na pa kukaa isipokuwa ndani ya bilauri ya juisi ya ukwaju. Siku ya kwanza aliponiona natembea juu ya ziwa alisimama ukingoni na koti lake zito, anasoma Ayatul Kursi mpaka niliporudi.

Na hakuwa mjinga. Ziwa likianza kuganda hulia. Sauti hutoka chini, ndefu, hupita chini ya miguu yako ikenda mpaka ng'ambo, kisha hukujibu kutoka huko. Mama alinieleza kuwa barafu inajinyoosha. Baba alisema sawa, inajinyoosha, lakini mbona inapita palepale uliposimama wewe? Nilikuwa mdogo, nikamcheka. Siku hizi nikikumbuka sicheki sana.

Siku yangu ya kwanza na timu ya wakubwa, katika mji wa viwanda vya karatasi huko kaskazini, hakuna aliyenisalimia. Nilikaa kwenye benchi la chumba cha kuvalia, mahali nilipodhani hapana mtu, na wote wakanyamaza. Palikuwa mahali pa mchezaji aliyekufa msimu uliopita. Viatu vyake vilikuwa bado chini ya benchi. Aliyeniondoa ni Veikko, mshambuliaji wa kati, mtu mzima mwenye pua iliyovunjika pande zote mbili. Hakunigombeza. Alinishika kwapani, akaniinua, akanikalisha karibu naye, akasema, "Pale pana mtu." Msimu mzima hapakukaliwa, na kila siku ya mechi mtunza vifaa alivinoa vile viatu pamoja na vyetu. Niliuliza mara moja tu kwa nini, nikatazamwa kama mtu aliyeuliza kwa nini tunakula.

Veikko ndiye aliyenifundisha kazi. Chuma cha kiatu kina kingo mbili na baina yake mna mfereji mwembamba. Ukichimbwa sana, unashika barafu vizuri lakini huendi mbio. Ukichimbwa kidogo, unateleza raha mustarehe mpaka siku utakayotaka kusimama. Kisahani, kile kidude cheusi cha mpira mgumu tunachokikimbiza, kitiwe kwenye friza kabla ya mechi, la sivyo kitakurukia usoni. Utepe wa gongo uanze kisiginoni umalizikie nchani. Mnaoanzia nchani nawajua kwa majina, na nimechoka kusema.

Kubwa kuliko yote alinifundisha kusikiliza. Macho ya mshambuliaji yana kazi nyingi: kisahani, kipa, na beki anayekuja kukuvunja mbavu. Huna nafasi ya kuwatafuta wenzio. Kwa hivyo mwenzio aliye huru hugonga barafu kwa gongo mara mbili, na wewe hupeleka pasi kwenye ile sauti bila ya kugeuka. Hivyo ndivyo tulivyocheza mimi na Veikko miaka na miaka, na mara nyingi nilikuwa simwoni hata kidogo. Yeye katikati, mimi winga ya kushoto. Kazi ya winga haipendezi: unabanwa kwenye mbao za ukingo, unasimama mbele ya goli la watu kumziba kipa macho, na mabeki wanakuchapa mgongoni refa akitazama kwengine. Meno yangu ya mbele yamebaki huko kaskazini. Taya lilipovunjika nilikunywa uji wa baba kwa mrija mpaka leo nikiuona uji nageuza uso.

Goti likakataa, baba akafariki, nami nikaja Ibra kwa shangazi yangu, Bi Zuwena. Nilidhani nimekuja kupumzika. Bi Zuwena hapendi mwanamme anayeshinda nyumbani. Ndiye aliyenambia kuwa mjukuu wake Rahma, mwanafunzi wa chuo, anaendesha gari njia yote ile mpaka Firq kwenda kuchezea barafu.

"Mtoto wa kike, na neema yote hii ya jua, anakwenda kutafuta baridi kwa makusudi," alisema. "Kamwangalie weye, maana wazimu huo ni wa kwenu."

Ukumbi mnaujua: ghala la bati baina ya gereji za malori na mafundi wa madirisha. Nilifika mara ya kwanza baada ya adhuhuri, lami inanata kwenye viatu. Nikafungua mlango, nikakutana na ukungu wa kiunoni. Hewa ya moto ikipita juu ya barafu hufanya ukungu. Huo si jini, ni mlango, na ndiyo maana nilikuwa nikikupigieni kelele muufunge. Ndani ya ukungu viwiliwili vilikuwa vikipita bila ya miguu, na ukutani kanzu zenu zimetundikwa safu nzima, mikono inaning'inia. Nilijiona nimefika nyumbani. Nilifurahi, na niliogopa kidogo kwa kufurahi vile.

Rahma alikuwa akicheza katikati. Nimewaona washambuliaji wengi, na nasema bila ya upendeleo wa damu: mikono kama ile niliiona kwa Veikko tu. Nikamwambia hivyo Veikko kwa simu. Akaniuliza kama nimekunywa kitu. Nikampelekea picha za video, akasema kuna timu ya wanawake mjini kwao ambayo itamtazama msimu ujao akiweza kufika. Rahma alipopata habari alizunguka barafu nzima huku anapiga vigelegele ndani ya helmeti. Tangu siku hiyo kazi yangu ilikuwa moja, kumfikisha Ufini salama.

Tatizo lilikuwa barafu yenyewe. Maji tuliyokuwa tukitumia yalikuwa na chumvichumvi na chokaa, na maji kama hayo yakiganda huwa meupe na laini, chuma kinazama. Khamis, dereva wa lori la maji ambaye pia ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kulainishia barafu, alisema anajua pa kupata maji matamu. Alirudi na lori limejaa maji ya falaji, ule mtaro wa kale uletao maji ya chemchemi, kutoka kijiji kimoja chini ya mlima. Tukayamwaga tabaka jembamba juu ya jengine, kila moja tukilingoja ligande. Tulipomaliza, barafu ilikuwa safi hata ile mistari ya rangi iliyo chini ilionekana kama imeelea juu. Barafu kama ile sikupata kuiona hata Ufini. Nilimbusu Khamis kichwani.

Doa moja tu halikuganda sawasawa. Lilikuwa upande wa kushoto, mbele ya goli la mbali, refu kiasi cha mtu. Khamis alilikwangua, akalimwagia upya, tukazidisha nguvu ya kompresa ya kugandishia. Kila tukirudi tulilikuta na majimaji juu yake, kama sakafu iliyooshwa sasa hivi.

Ikaja mechi na vijana wa Maskati. Sheria mnaijua: sita barafuni pamoja na kipa, akizidi mmoja ni adhabu. Refa akapiga filimbi, akanyoosha mkono kwetu, wachezaji wamezidi. Nikahesabu, sita. Akahesabu yeye, sita, akajikuna shingo, akatusamehe. Haukupita muda akapiga tena. Safari hii hata kocha wa wenzetu alikuwa amesimama anaonesha kidole winga yetu ya kushoto, kisha kidole kikashuka polepole. Refa alinijia benchini, kijana wa watu, jasho linamtoka ndani ya baridi ile.

"Kocha, wallahi namwona akiingia," alisema. "Simwoni akitoka."

Sasa sikilizeni nyinyi mtakaoshika kazi baada yangu: katika ukumbi uliofungwa, mtu akianza kuona vitu, pimeni hewa kwanza. Moshi wa mashine hulevya kichwa kabla jini yeyote hajaamka. Tulipima. Mashine yetu ni ya umeme, hewa ilikuwa safi. Tulitazama taa, vioo, vivuli. Nilifanya kila linalofanywa na mtu anayetaka sana jambo liwe la kawaida.

Ninyi wengine mliogopa, na mlioogopa mlikuwa na akili. Rahma hakuogopa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alianza kupiga pasi kule kushoto, kwenye lile doa, bila ya kugeuka, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisahani kilikwenda na kikarudi. Najua mbao za ukingo hurudisha kisahani, lakini hukirudisha ovyo, kwa pembe. Hiki kilirudi moja kwa moja kwenye gongo lake, laini, kama kilichokabidhiwa kwa mkono. Na kabla ya kila pasi niliisikia sauti kutoka benchini nilipokaa. Ta-ta. Ilikuwa kavu, yenye uchuma ndani yake, si sauti ya magongo yenu.

Nikamwita ukingoni. "Rahma, unampa nani pasi?"

"Yule wa kushoto, ami."

"Winga wa kushoto ni Haitham, na Haitham huyu hapa kakaa anakunywa maji."

"Si Haitham. Yule msichana." Alikuwa akitweta, macho yanang'ara. "Pasi yake mzuri sana, ami. Anajua nnataka wapi. Hata sisemi kitu."

"Sura yake ikoje?"

Akafikiri. "Sijaona uso yake. Nywele yake imerowa."

Alisema hivyo, kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa huku, kama mtu anayekwambia mwenzake kavaa jezi ya buluu, akarudi kucheza. Na alicheza, mashallah, alicheza vizuri kuliko siku zote. Nasema wazi kuwa nilitamani kuendelea kutazama.

Nyumbani mambo yakawa mengine. Bi Zuwena alinieleza kuwa mtoto hali, anashika kijiko anakiweka. Mikono yake ilikuwa baridi hata akisimama jikoni mbele ya tanuri ya mkate. Siku moja Bi Zuwena alitaka kupelekwa Mudhaibi kwa jamaa, akafungua mlango wa mbele wa gari, Rahma akamwambia, "Bibi, kaa nyuma. Mbele kuna mtu." Bi Zuwena hajapata kukalishwa nyuma na mjukuu wake. Alikaa, na njia nzima, alinambia, alikuwa akiutazama mkanda wa kiti cha mbele. Ulikuwa umefungwa.

Nikamkataza Rahma kuja ukumbini. Akaitikia vizuri, "Haya ami," na alasiri akaja. Wenzake walikuwa chumba cha pembeni wanasali. Mimi nilitoka kutafuta funguo za duka la vifaa, nikasikia kimya cha ukumbi, nikatazama barafuni.

Alikuwa amelala kwenye lile doa. Kavua viatu, glavu, helmeti na koti. Chali, miguu pamoja, mikono imenyooshwa ubavuni, uso kaugeuza kidogo upande wa kulia. Nimesimama mbele ya maiti za jamaa zangu, naujua mlalo ule, na mtu aliye hai halali vile. Nikamwita. Hakujibu. Nikakimbia kwa viatu vya kawaida, nikaanguka mara kadhaa, nikafika kwa magoti. Midomo ilikuwa ya buluu na nywele zake zimeshikana na barafu, ikabidi nizibandue kwa pumzi na viganja. Nilikuwa nikilia, na sioni haya kuandika.

"Rahma! Mwanangu! Unafanya nini hapa?"

Alichukua muda kunitambua. "Nnamuonesha," alisema kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. "Hajalazwa sawasawa, ami. Anasema zamu yake imechukuliwa."

"Nani kaichukua?"

"Sisi."

Nilimfunika kwa makoti yote niliyoyaona nikamrudisha Ibra. Bi Zuwena alizima kiyoyozi, akamvika blanketi, akamtia kinywani chai ya tangawizi kijiko kwa kijiko. Nikamhadithia yote, pamoja na lile neno la zamu. Hakuuliza habari za majini wala za waganga wa Bahla.

"Barafu hiyo maji yake mmeyatoa wapi?" aliuliza.

Nikampigia Khamis, nikaweka simu mezani asikie na yeye.

"Kuna birika karibu na makaburi, ami," Khamis alisema. "Limejaa pomoni, mlango wazi, hapana mtu. Maji yanaingia kutoka kwenye falaji na mengine yanamwagika kwenye mitende. Nikatia mpira, nikavuta. Nikasema moyoni, thawabu iwaendee wenyewe."

"Khamis, weye babu yako kazaliwa wapi?" Bi Zuwena alimuuliza.

"Unguja, bibi. Vikokotoni."

"Ndiyo maana," akasema, na akainamisha uso. "Sisi tumezoea maji ya mfereji wa bomba, anayefika na ndoo ndiye mwenyewe. Huku maji ya falaji yana watu, mwanangu. Kila saa ya maji ina mtu. Ukiona yanakwenda mahali hapana mtu, basi yanakwenda kwa asiyeweza kuja kuyachota."

Asubuhi tulikwenda kile kijiji, mimi, Khamis na Rahma, ambaye alikataa kubaki. Nilikaa kiti cha nyuma. Mlangoni mwa nyumba ya kuoshea maiti tulimkuta Bi Shamsa, mwoshaji wa wanawake, mzaliwa wa Pemba, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulimpa shikamoo akaitikia marahaba, akatukaribisha, na Khamis akamwambia mwenyewe alilolifanya, bila ya kujitetea.

Bi Shamsa hakupandisha sauti. Alitufungulia mlango wa birika, ambalo sasa lilikuwa limejaa.

"Nyumba moja ya hapa, bibi yao wa zamani aliiwekea wakfu zamu yake ya maji," alisema. "Iwe ya kuoshea maiti, basi. Watu wa nyumba ile, wakubwa kwa wadogo, wote huoshwa kwa maji ya bibi yao. Siku ile mlipoyanyonya, alasiri nikaletewa binti yao, Asila. Gari limempindukia njia ya Sinaw. Nikaja na kata yangu, nikafungua, nikachota."

Alichukua kata ya shaba iliyokuwa imetundikwa ukutani, akainama, akaigonga chini kwenye jiwe kavu la ukingo, kuonesha alivyokuta. Ta-ta. Rahma alinishika mkono wa kanzu.

"Zamu hairudi mpaka izunguke, na maiti hangoji," Bi Shamsa aliendelea. "Tulimuosha kwa maji ya chupa, ya dukani. Tunafungua kifuniko, tunamimina, tunafungua chengine. Sharia imetimia, sina la kusema. Lakini mamaake alisimama hapo mlipo nyinyi, akawa anasema, mbona mwanangu nampeleka na maji ya watu?"

"Alikuwa na umri gani?" niliuliza.

Bi Shamsa alimtazama Rahma. "Wa huyu," alisema.

Khamis alikwenda akakaa kizingitini, akafunika uso kwa kilemba chake.

Tulirudi Firq na siku ileile tukaikwangua barafu. Mlionisaidia mnakumbuka. Mashine ya kulainisha ina kisu chini, hukwangua na kuvuta theluji ndani ya tumbo lake. Tulikishusha kisu na tukapita na kupita mpaka tabaka zote safi zikatoka na ile barafu nyeupe ya zamani ikaonekana. Theluji tukaitia kwenye mapipa, mapipa kwenye pikapu. Doa lile lilikuwa la mwisho, na Khamis hakutaka kulipitishia mashine. Alilikwangua kwa mkono, kapiga magoti.

Tulipofika kijijini nusu ilikuwa imeyeyuka. Nilifikiri tutayarudisha birikani, Bi Shamsa akakataa. "Haya yameshakuwa yake," alisema. Akamwambia Rahma achukue kata. Khamis akauliza kwa sauti ndogo kama inafaa mwanamke kwenda makaburini. "Wanawake hawafuati jeneza," Bi Shamsa alimjibu. "Weye unaliona jeneza hapa? Beba pipa."

Kaburi la Asila ni kama mengine ya pale, kokoto na mawe matatu, alama ya mwanamke. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Rahma alichota theluji na maji pamoja, akamimina kuanzia kichwani, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akishuka taratibu mpaka miguuni. Hakuna aliyemfundisha. Bi Shamsa alikuwa akitikisa kichwa tu kwa kila kata. Theluji ilikaa nyeupe juu ya kokoto, katika joto lile, kidogo, kisha ikazama yote kwa pamoja. Tulisikia ikinywewa. Sikupata kuisikia sauti ile kabla, na sitaki kuisikia tena, ingawa haikuwa mbaya.

Mapipa yalipokwisha Rahma alibaki kachuchumaa. Nikampa mkono ainuke. Mkono wake ulikuwa wa moto.

Nikadhani kazi imekwisha. Tukamwaga barafu mpya kwa maji ya bomba, ile yenye maziwamaziwa mliyoizoea, nzito, kisahani kinajiburuza. Rahma alikuwa akila tena, na Bi Zuwena amerudi kiti cha mbele. Siku ya mazoezi ya kwanza alitoka barafuni kabla ya wenzake, akachukua kisahani, akasogea mpaka katikati, akasimama anasikiliza. Kisha akapiga pasi kushoto bila ya kugeuka. Kisahani kilikwenda, kikagonga mbao, kikarudi upogo na kupita nyuma yake, kama kisahani chochote.

Akapiga chengine. Kikarudi vilevile. Akaweka gongo chini, akavua helmeti, akalia mbele ya watu wote.

"Hapana mtu, ami," alisema nilipofika ukingoni. "Kaondoka kweli. Mimi sijapata mtu anacheza na mimi vile. Sitaki tena. Muambie yule rafiki yako wa Ufini, khalas."

Ningeweza kusema alhamdulillahi, na ingekuwa kweli, na isingemfaa kitu. Nimecheza na Veikko, najua mtu anapoteza nini akipoteza yule asiyehitaji kumtafuta kwa macho. Daktari alikuwa amenikataza barafu kabisa, na nilikuwa nimemwahidi. Nikarudi chumba cha kuvalia, nikavaa viatu vyangu, nikafunga kamba mpaka vidole vikauma, nikatoka.

Nilikwenda kushoto, mbele ya goli la mbali, nikasimama palepale. Barafu ilikuwa ngumu chini ya miguu. Sikugonga gongo. Nilimwita Rahma kwa jina lake, kwa sauti kubwa, mpaka mafundi wa madirisha wa jirani wakasikia.

Akageuka. Alinitazama muda mrefu, uso wote umerowa machozi, akavaa helmeti, akapiga. Kisahani kilinifika kifundoni, nikazunguka nusu duara, nikakaa kitako kwa kishindo kilichotikisa mbao. Nyote mlicheka, mwacheni Mungu awalipe. Rahma akaja mbio, akasimama juu yangu, bado anapenga kamasi.

"Ami, wewe mzito sana, wallahi."

"Najua," nikamwambia, nikashika ukingo, nikainuka. "Rudi katikati. Piga tena."